Koti la Korongoni

"Usikiguse kwa mkono mtupu," Zipora alisema. "Na ukikigusa kwa bahati mbaya, usitoke nje kwenye jua kabla hujanawa kwa sabuni mara tatu."

Inspekta Anyesi Ndahani aliurudisha mkono wake mfukoni. Juu ya meza ya maabara palikuwa na vipande viwili vya kitambaa cha buluu, kila kimoja kipana kama kiganja cha mtoto. Vyote vilikatwa kwenye koti moja, kwa mkasi mmoja, siku ya Jumanne. Cha kwanza alikifungia ndani ya bahasha ya kaki na kukiweka kwenye kabati la chuma ofisini kwake. Cha pili alikigongomea kwenye ubao na kukipandisha juu ya paa la kituo, kikaota jua la Dodoma la mwezi wa tisa kwa siku nne mfululizo.

Leo ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na saba Septemba, mwaka 1994, saa mbili na nusu asubuhi. Jumatatu saa tatu, Gerson Chibago, mchovya nguzo wa miaka ishirini na saba, angefikishwa mahakamani na kusomewa shtaka la kumuua mlinzi wa shamba la mizabibu, Mzee Sila. Shtaka la mauaji halina dhamana. Akishasomewa tu, angekaa mahabusu miaka mitatu au minne akisubiri zamu yake ya kusikilizwa, na mkewe Edina, ambaye kila siku alileta uji kituoni ndani ya chupa ya chai, angezoea njia ya gereza.

Mzee Sila aliuawa alfajiri ya Ijumaa ya tarehe mbili, kwa kupigwa nguzo ya mzabibu kichwani. Nguzo ilikuwa mbichi, imechovywa jana yake kwenye pipa la kreosoti, ile lami nyepesi yenye harufu kali ambayo watu wa Makutupora, lilipo shamba hilo, huiita dawa ya nguzo kwa sababu mchwa akiionja harudii. Aliyeishika lazima alichafuka. Gerson alikutwa kando ya maiti, nguo zake safi. Hapo upelelezi ulikwama siku kumi, mpaka Sajenti Optatus alipoleta koti la kazi la Gerson, limelowa dawa, akisema amelikuta limetupwa korongoni juu ya mchanga mtupu, kati ya shamba na nyumba ya mtuhumiwa. Hadithi ikakaa sawa: Gerson aliua akiwa amevaa koti, akakimbia, akalitupa, kisha akarudi kujifanya ndiye aliyeiona maiti kwanza. Gerson mwenyewe alikuwa na jibu moja tu, na hakulibadilisha hata mara moja. "Koti langu lilikuwa limetundikwa ndani ya kibanda cha kuchovyea nguzo, na kibanda kilikuwa kimefungwa."

Kwa hiyo kesi nzima ilining'inia kwenye swali moja. Kwa siku zile kumi koti lilikuwa wapi, juani au gizani?

Anyesi alizaliwa Zuzu, binti wa mfanyakazi wa reli, na aliyakalia mataruma ya mbao, yale yanayolala chini ya reli na kuchovywa dawa hiyohiyo, tangu hajang'oa jino. Taruma linalopigwa na jua hubadilika rangi upande wa juu na harufu yake hupungua. Ukiligeuza, upande wa chini bado unanata na kunuka kama siku lilipotoka kiwandani. Koti lile, lilipowekwa mezani kwake, lilinuka kama taruma la upande wa chini. Harufu si ushahidi, na hakimu hana pua ya binti wa Zuzu, ndiyo maana alikuja kwa Zipora. Zipora alikuwa mkemia kwenye maabara ya madini, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa plasta, na walikuwa wamekaa dawati moja shule ya msingi. Kupeleka kielelezo Dar es Salaam na kusubiri jibu kungekula miezi.

"Nieleze kama unavyowaeleza wanaokuja na mawe wakidhani ni almasi," Anyesi alisema.

Zipora aligeuza fomu moja iliyoharibika, akachora nyuma yake pembesita tatu zilizoshikana kwenye mstari mnyoofu. Chini yake akachora tatu nyingine, ila ya tatu ikakata kona.

"Ndani ya dawa hii kuna vitu vingi. Mimi nawataka ndugu wawili tu. Kila kona ni kaboni. Huyu ana kaboni kumi na nne, huyu kumi na nne. Haidrojeni kumi, na huyu kumi. Kwa mizani huwezi kuwatofautisha. Mnyoofu anaitwa anthrasini. Aliyepinda ni fenanthrini."

"Tofauti ni kona moja tu."

"Hiyo kona ndiyo kila kitu. Pete ya kaboni sita ikiwa peke yake ina elektroni sita ambazo hazitulii kwenye kifungo kimoja. Zinaizunguka pete nzima, na pete yenye sita zake kamili haigombani na mtu. Lakini pete zikishikana zinachangia kuta, na elektroni hazitoshi kila moja kupata sita zake. Aliyepinda anajipanga vizuri. Sita kamili pete ya huku, sita kamili pete ya kule, ya katikati inabaki na kifungo kimoja. Mnyoofu hawezi. Ana sita moja, na pete zote tatu zinapokezana hiyohiyo."

"Nyumba tatu, chungu kimoja."

"Barabara. Na mwenzake, nyumba tatu, vyungu viwili." Zipora alichora mishale miwili ikiichoma pete ya katikati ya yule mnyoofu, mmoja juu, mmoja chini. "Sasa lete jua. Mwanga unampiga mnyoofu, oksijeni inamshika hapa na hapa, kona mbili zinazotazamana. Wala hapingi sana, maana pete ya katikati ikishaachwa, ya kushoto inapata sita zake na ya kulia inapata zake. Anageuka kitu kingine kabisa, anthrakwinoni. Aliyepinda, jua lilelile, siku zilezile, bado yupo."

"Na hicho kitu kingine naweza kukiona?"

"Kikiwepo utakiona bila miwani."

Alikuwa ameshaloweka kipisi cha kila kipande kwenye bomba lake la kioo, akakausha kilichotoka. Sasa alitia unga wa zinki, soda kali na matone ya spiriti, akawasha jiko dogo. Bomba la paa lilikuwa na kibandiko cha P, la bahasha B. Anyesi aliandika saa kwenye daftari lake, akaandika na vibandiko, kisha akakosa la kufanya na mikono yake.

Ukutani juu ya sinki palikuwa na karatasi kubwa yenye mchoro wa pembesita kumi na mbili, zimeshikana kuwa duara, katikati tundu.

"Ile nayo imo ndani ya dawa?"

"Hapana, ile ni mapenzi yangu tu," Zipora alisema, jicho lake likiwa kwenye moto. "Wajerumani waliitengeneza wakati mimi na wewe tuko sekondari. Watu walikuwa wamebishana miaka mingi. Je, elektroni zinalikimbia duara lote kubwa, au zinabaki kwenye pete ndogondogo? Wengi walilipenda duara kubwa kwa sababu linapendeza."

"Zikakutwa wapi?"

"Nyumbani kwao. Pete sita kati ya zile kumi na mbili zina sita zao kamili. Mbio za duara kubwa hakuna."

Anyesi aliutazama mchoro ule kwa muda. Naye alikuwa amepewa duara linalopendeza, kutoka kibandani mpaka kwenye maiti, mpaka korongoni, mpaka mezani kwake. Ingekuwaje kama koti halikuzunguka popote, kama lilikaa tu kwenye msumari wake?

Bomba la P lilianza kubadilika. Kwanza likawa la waridi, halafu wekundu ukapanda kutoka chini mpaka lote likawa kama rosela iliyokolea. Zipora alilitikisa, hewa ikaingia, wekundu ukatoweka. Akalirudisha motoni. Wekundu ukarudi.

"Ndiye huyo," alisema. "Anakuja na kuondoka hivyohivyo. Na hizo ni siku nne tu."

Bomba la B lilichemka na kuchemka. Lilikuwa na rangi ya chai ya msibani, majani machache na maji mengi. Zipora aliongeza zinki. Akarudia upya kwa kipisi kingine cha kitambaa cha bahasha. Chai ileile. Mwisho alifunga mapazia, akaichukua taa ya kukagulia madini na kuviangazia vitambaa kwa mwanga usioonekana. Kipande cha bahasha kiliwaka buluu mpaka Anyesi akaona nyuzi zake moja moja. Cha paa kilikuwa kimefifia.

"Mnyoofu wa bahasha bado mzima," Zipora alisema, akafungua mapazia. "Anyesi, koti hili halijalala juani hata siku nne, sembuse kumi. Nitaandika na nitatia sahihi. Nani alilikuta?"

"Sajenti wangu."

"Na wewe ulikuwepo?"

Swali lilikuwa la kirafiki, na lilimchoma Anyesi palepale. Hati ya ukamataji wa koti ilisema alikuwepo. Ilisema koti limeokotwa mbele ya Inspekta A. Ndahani, na chini yake palikuwa na sahihi yake, nzuri, yenye mkia. Jumatatu iliyopita Land Rover haikuwa na mafuta. Optatus alikwenda kwa pikipiki, akarudi jioni na koti ndani ya gunia, hati imeshajazwa, na Anyesi akasaini mezani pake huku akiongea na simu. Ndivyo kila mtu alivyofanya, miaka yote, gari likikosekana. Karatasi lazima iwe na mkubwa, na mkubwa yuko mezani.

"Niandikie nakala mbili," alisema.

Saa nne na nusu alikuwa Makutupora. Shamba lilikuwa la umma mpaka mwaka juzi, sasa ni la kampuni, na geti lilikuwa limepakwa rangi kabla ya vyoo vya wafanyakazi kujengwa. Mizabibu ilikuwa na matunda, wavunaji wameinama. Kibanda cha kuchovyea nguzo kilisimama peke yake upande wa magharibi, ukuta wa tofali za kuchoma, bila dirisha.

Mama Anjelina, mkuu wa wachovyaji, alikuwa ameketi kwenye pipa lililolala, akimenya karanga. Alikuwa Mgogo wa pale pale, wa miaka hamsini na kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," alisalimia kwa Kigogo. "Umekuja kumrudisha Gerson au kumchukua mwingine?"

"Nimekuja kuuliza. Makoti ya kazi mnayaanika wapi?"

Mama Anjelina alicheka mpaka karanga zikamdondoka. "Kuanika! Koti la dawa halianikwi. Tunakuja saa kumi na nusu alfajiri, msimamizi anafungua saa kumi na moja, tunachovya. Jua likitoka tu tunavua, tunatundika ndani, tunanawa. Dawa hii na jua ni maadui, na wewe ndiye uwanja wao wa vita." Alivuta kanga kutoka shingoni. Chini ya sikio palikuwa na baka la zamani, jeusi, la upana wa vidole vitatu. "Mwaka wangu wa kwanza. Nilibeba nguzo begani saa sita mchana, ubishi wa ujana. Jioni ngozi inawaka kama nimemwagiwa uji wa moto. Baada ya wiki ikachubuka, ikabaki hii."

"Mtu akilibeba koti lenye dawa mchana?"

"Litamwandika pale lilipomgusa. Wenyewe hatulibebi. Mgeni ndiye hajui."

Anyesi aliliandika hilo. "Koti la Gerson lilikuwa msumari gani?"

"Ule wa tatu. Baada ya msiba kazi ya nguzo ilisimama. Tulikuja kufungua Jumatano hii, msumari mtupu."

"Na kabla ya hapo kibanda kiliingiwa na nani?"

"Muulize mwenye ufunguo."

Mwenye ufunguo alikuwa Octavian, msimamizi, kijana wa miaka thelathini aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari. Alimkaribisha Anyesi kiti kisha akatazama saa yake, yote kwa mara moja.

"Afande, sisi ni private sasa. Nikipoteza saa moja ya mavuno, kuna mtu ananipigia simu kutoka Dar."

"Ufunguo wa kibanda unakaa wapi?"

"Pale." Msumari nyuma ya mlango.

"Ofisi inafungwa mchana?"

"Saa saba mpaka saa nane naenda kula. Mlango naurudishia tu."

"Vua shati."

"Unasemaje?"

"Vua shati, Bwana Octavian. Au tukalivulie kituoni."

Octavian alifungua vifungo akilalamika kwa lugha mbili. Anyesi alimzunguka polepole. Shingo safi. Mabega safi. Mikono, ndani na nje, safi kama ya karani wa benki. Kwa pumzi mbili au tatu alikuwa ametamani sana aone baka pale, na alijua kwa nini alitamani. Kijana huyu angekuwa rahisi.

"Vaa."

"Kikulacho ki nguoni mwako, afande," Octavian alisema, akihangaika na kifungo cha juu. Alikuwa amekasirika kweli. "Mnanivua nguo mimi, na Jumatatu iliyopita nimerudi kutoka kula namkuta sajenti wenu uwanjani na pikipiki, peke yake, jasho linamtoka. Ananiambia anapima hatua kutoka kibandani mpaka korongoni. Saa nane ya mchana mtu anapima hatua?"

"Alikuwa na kitu mkononi?"

"Gunia alilifunga nyuma ya pikipiki. La nini sikuuliza. Mimi nimuulize polisi?"

"Alitokea upande gani?"

"Wa korongoni. Anatembea kwa miguu, pikipiki aliiacha hapa. Gunia kalishika mkononi limekunjwa, na koti la buluu kalitupia begani." Octavian aliacha kufunga kifungo. "Nilidhani ni lake."

Anyesi alimwandikisha maelezo hayo palepale, akamsomea, akamwambia asaini.

Sajenti Optatus alikuwa peke yake kwenye chumba cha upelelezi, akipanga jalada la Jumatatu. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mchapakazi, mkubwa kwa Anyesi kwa umri na mdogo kwa cheo, na kwa miaka mitano hakuwahi kumfanya aikumbuke tofauti hiyo. Alikuwa amevaa sweta la shingo ndefu. Nje ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka.

"Afande, jalada liko tayari. Bado sahihi yako mbili."

Anyesi alifunga mlango. "Shusha shingo ya sweta, Optatus."

Hakuuliza kwa nini. Aliishusha kwa kidole kimoja, kama mtu anayemwonyesha daktari. Baka lilianza chini ya sikio la kushoto na kushuka kuelekea begani, la hudhurungi, kingo zake zikibanduka.

"Nilidhani ni ugonjwa wa mkanda wa jeshi," alisema. "Dispensa wamenipa dawa ya kupaka."

"Ni koti. Ulilitoa kibandani saa saba, ukalipeleka korongoni na kulirudisha begani, jua la utosi. Zipora amelipima. Octavian amekuona. Kwa nini ulilipeleka korongoni kabisa? Si ungelitia tu ndani ya gunia?"

"Nilitaka niweze kuapa kwamba nimeliokota pale." Optatus alisema hivyo bila aibu. "Nililiweka mchangani, nikaliokota. Afande, Gerson ameua. Wiki moja kabla ya hapo Mzee Sila alimshtaki kwa wizi wa zabibu. Amekutwa juu ya maiti. Mimi na wewe tunajua, na hakimu angemwachia kwa sababu ya nguo safi. Nilichofanya ni kuisaidia kesi isimame."

"Sisi hatujui. Wewe ndiye uliyejua, na mimi nikakuamini."

"Na ukasaini." Alilisukuma jalada kidogo kuelekea kwake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyomtisha Anyesi zaidi. "Hati inasema ulikuwepo. Mimi nikiwa mwongo, wewe ni nani? Miaka kumi na miwili ya kazi, mwanamke wa kwanza kupewa dawati hili. Wanaosubiri uanguke unawajua kwa majina. Mwache hakimu aamue. Kama Gerson ni safi, Mungu hatamtupa."

Anyesi aliogopa. Aliogopa waziwazi, akashika ukingo wa meza. Alifikiria kwamba angeweza kuipoteza karatasi ya Zipora na hakuna ambaye angeiulizia. Alifikiria na namna ya kusema kwamba alifika korongoni baadaye kidogo, kwa lifti ya lori. Kisha kupitia dirishani akamwona Edina, kakaa kivulini na chupa yake ya chai, miguu kainyoosha kama mtu aliyeshazoea kungoja.

"Weka mezani ufunguo wa pikipiki na bastola," alisema. "Usiondoke kituoni."

"Afande, tutazama wote."

"Najua."

Mrakibu William, mkubwa wa Anyesi kazini, alipigiwa simu nyumbani akaja na kandambili. Alisoma karatasi ya Zipora mara mbili, maelezo ya Octavian mara moja. Alilitazama baka la Optatus, akamwamuru atoke. Ndipo akaifungua hati ya ukamataji na kuigeuza ili Anyesi aione.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, afande. Nilisaini ofisini."

"Ungeweza kuniambia ulidanganywa juu ya koti tu. Ningekuelewa."

"Ukiliondoa koti tu, hati inabaki, na hati inasema mimi nimeliona likiokotwa. Wakili wa serikali atasimama nayo mahakamani."

Mrakibu alivua miwani, akajisugua macho. Alikuwa amempendekeza Anyesi kwa dawati lile, na wote wawili walilikumbuka hilo. "Gerson hasomewi shtaka Jumatatu. Atoke leo kwa dhamana ya polisi, mkewe amdhamini. Optatus nitamshughulikia. Na wewe, saa kumi na mbili jioni uniletee majalada yako yote na kitambulisho. Kuanzia hapo hushiki kesi mpaka makao makuu waamue." Alitazama saa ya ukutani. "Una saa tatu. Usizitumie kulia."

"Sitalia, afande," Anyesi alisema, na alipofika kwenye korido akalia, kama dakika mbili hivi, akiegemea ndoo za mchanga wa kuzimia moto. Halafu akanawa uso na kwenda mahabusu.

Gerson alitolewa akiwa peku, kashika suruali kiunoni kwa mkono kwa sababu mkanda walimnyang'anya. Alikuwa mrefu, amekonda. Anyesi alimrudishia mkanda na viatu, akamweleza yote kwa maneno machache: koti lilikuwa kibandani, kama alivyosema tangu mwanzo. Gerson alisikiliza akifunga kamba za viatu. Hakushukuru, na Anyesi hakutegemea ashukuru.

"Mkeo yuko nje. Kabla hujaenda nakuomba kitu kimoja, na unaweza kukataa. Niambie ulichokiona alfajiri ile."

"Nilishasema."

"Kwenye jalada kuna mistari minne. Umefika, umeona maiti, umepiga kelele, umekamatwa."

Gerson alimtazama kwa mara ya kwanza. "Ndivyo alivyoandika?"

Anyesi alivuta kiti, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika tarehe na saa. "Sema wewe, mimi naandika."

"Niliwahi siku ile. Giza bado, sikuona mtu. Nilikuwa njiani chini ya mizabibu, nikamsikia Mzee Sila akiamkia mtu karibu na nguzo mbichi. Alisema shikamoo."

Kalamu ilisimama. Mzee Sila alikufa akiwa na miaka sabini na moja. Pale shambani hapakuwa na mtu aliyemzidi kwa umri; kwa cheo walikuwepo.

"Una hakika ni yeye aliyeamkia?"

"Sauti yake naijua. Na mwenzake akaitikia marahaba. Sauti ya mtu mzima, lakini si mzee. Wakasemezana kidogo. Nikasikia kama gogo limedondoka. Nikadhani wanapanga nguzo." Alikaza kamba ya kiatu. "Nilipofika, mzee alikuwa chini."

"Haya yote ulimwambia Sajenti Optatus?"

"Ijumaa ileile. Akaniambia mzee wa miaka sabini hamwamkii kijana shikamoo, kwa hiyo mimi ni mwongo, na mwongo hana sababu ya kudanganya ila ameua. Akafunga daftari."

Hasira ilimpanda Anyesi, na ndani yake mlikuwa na kitu kibaya zaidi. Angeisikia habari ile siku ya kwanza, naye angesema vilevile. Aliandika shikamoo, akaandika marahaba, akapigia mstari. Saa ya mahabusu ilionyesha kumi na dakika tano.

"Hiyo sauti iliyoitikia," alisema. "Ukiisikia tena unaweza kuitambua?"

"Niliitambua palepale, afande," Gerson alisema. "Siku kumi na tano nimekaa humu, hakuna aliyeniuliza ni ya nani."